Jiko Lisilotoa Moshi

Jumatatu, 8 Julai

Baridi. Ukungu umeikalia Endagikot yetu mpaka saa nne asubuhi. Nilichoka kabla siku haijaanza.

Fransiska bado yuko kwao Balangdalalu. Aliondoka Alhamisi na begi la kijani, bila kugeuka nyuma. Sababu ni sufuria. Ile kubwa aliyopewa na mama yake tulipooana, ambayo mimi niliiazima, narudia, niliiazima, ili nichemshie sabuni ya biashara. Nani angejua kwamba magadi ya sabuni yanakula sufuria? Kitako kilitoboka, sabuni yote ikaishia kwenye majivu. Fransiska alitazama, akasema kuanzia leo nijipikie mwenyewe. Halafu akaenda kufunga begi.

Mimi sipiki. Sijawahi, na binti yetu Lucia yuko shule ya bweni. Na mgahawani siwezi kwenda, maana mwanaume mwenye mke akionekana anakula mgahawani mara mbili, kata nzima inajua ameachwa.

Tatizo kubwa ni moshi. Huku kwetu kila jiko hutoa moshi asubuhi. Lisipotoa, kuna mgonjwa, au kuna msiba, au mama hayupo. Leo Tekla, jirani yangu, alisimama uani kwake akalitazama paa la jiko langu muda mrefu. Akauliza, Baba Lucia, mko wazima huko? Mume wake Modest alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Modest ananisubiri nianguke tangu siku niliyomshinda uenyekiti wa jumuiya ya kanisa. Tabasamu lile nalijua.

Nikasema ninafanya detoksi. Neno lilitoka lenyewe. Nililiona kwenye simu, kuna dada mmoja wa Dar es Salaam anayefundisha. Nikaeleza: chakula kibichi tu, hakuna kupika, mwili unatoa sumu. Mama Lucia nimempa likizo akawasalimie wazazi, maana jikoni hakuna kazi.

Tekla akasema kumbe. Modest akaacha kutabasamu. Nimeshinda.

Chakula cha jioni: karoti.

Jumanne, 9 Julai

Asubuhi karoti. Mchana kabichi. Kabichi mbichi katika baridi ya Julai inaingia tumboni ikiwa na baridi yake yote, na inakaa nayo.

Nimemtazama tena yule dada wa kwenye simu. Anasema mwili utakuwa mwepesi. Ni kweli, nikiinuka ghafla nashika ukuta. Anasema ngozi itang'aa. Nimejitazama kwenye kioo, naona pua tu. Anasema pia kitunguu saumu kibichi kinaua kila kitu, na kwa bahati shamba langu lina kitunguu saumu kuliko kitu kingine chochote. Nimekula punje kadhaa. Nilienda kumsalimia Nikolausi katekista, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Jioni Tekla alileta bakuli la makande. Ya moto, yamekaangiwa kitunguu. Nina hakika yeye aliyaleta kwa wema, na Modest alimtuma kwa ubaya, kunipima. Nikakataa. Nikasema tumbo langu sasa haliwezi tena vitu vizito. Bakuli likarudi kwao. Nililisindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

Jumatano, 10 Julai

Jumuiya ilisali kwa Nikolausi. Wakati wa kimya, tumbo langu lilinguruma. Likanguruma tena. Mtoto mmoja akauliza kama ni pikipiki.

Baada ya sala Nikolausi akasema, kwa kuwa kila mtu ananong'ona, basi mwenyekiti atueleze hiyo detoksi. Nilisimama. Lazima nikiri nilisema vizuri. Nilieleza ini, nikaeleza figo, nikaeleza damu inavyosafishwa. Kisha nikaingia kwenye moyo. Nikasema mtu anayekula vibichi hana hasira, hana wivu, analala usingizi wa mtoto mchanga. Nikamtazama Modest nilipofika kwenye wivu.

Akina mama walisikiliza kuliko nilivyotegemea. Tekla akauliza kama ni lazima kuwasha moto hata mara moja kwa siku. Nikasema hapana, moto ndio adui. Akauliza na kuni? Nikasema hakuna kuni. Na kuosha masufuria? Nikasema kuosha nini sasa.

Akina mama wakatazamana. Tekla akasimama akatangaza kwamba nyumbani kwake detoksi inaanza kesho. Wengine wakanyoosha mikono. Wanaume wote walinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu nilete ule mradi wa sungura.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi hii jiko la Modest halikutoa moshi. La jirani wa pili nalo. Na la mbele yake. Akina mama wamekaa juani wanasukana nywele na kucheka. Mmoja alinipungia mkono akasema Mungu anibariki.

Wanaume hawakunisalimia vizuri. Patriki fundi baiskeli, ambaye kila siku ananipa shikamoo kabla sijamfikia, leo aliitoa kwa tabu.

Yule dada anasema baada ya siku chache hisia za zamani hutoka zenyewe, tusiogope. Zimetoka. Nililia nikimenya karoti. Nilikumbuka jinsi Fransiska anavyosonga ugali, anavyougeuza mara ya mwisho na kugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ndipo ninajua ni wakati wa kunawa. Nimeusikia mlio ule miaka yote bila kuusikia. Nyumba iko kimya mno.

Simtafuti. Nikimtafuta nitakuwa nimekubali kosa, na sabuni ile ingekuwa nzuri.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeshindwa. Nilivaa koti, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikaenda mjini Mbulu kwa miguu. Kuna mgahawa nyuma ya maduka ya vitambaa, wa mama mmoja asiyenijua. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Harufu ya maharage yaliyoungwa ilinipokea, nikaona machozi yanakuja tena.

Kwenye kona alikaa mtu mwenye koti na kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Modest.

Tulitazamana. Yeye mkononi alikuwa na kijiko, lakini sahani ilikuwa haijafika. Mama wa mgahawa akaniuliza nitakula nini. Modest akanitazama. Nikasema kachumbari. Akauliza na nini? Nikasema kachumbari peke yake. Halafu sahani ya Modest ikaletwa, wali na nyama, na Modest, mwanaume mzima, akasema wamekosea, yeye pia aliagiza kachumbari. Mama akatuambia wote wawili kwamba tunamsumbua.

Tukala kachumbari. Meza moja, maana kukaa mbali kungeonekana vibaya. Akasema anajisikia mwepesi sana. Nikasema na mimi. Sahani ya wali ilikuwa kwenye meza ya pili, inatoa mvuke. Tukarudi nyumbani pamoja. Pale kwenye mteremko alisimama kidogo kupumzika, nami nikasimama. Nilimwonea huruma, karibu nimwambie. Kisha nikakumbuka lile tabasamu.

Jumamosi, 13 Julai

Leo niliamua kumpigia. Nilifanya mazoezi kwanza. Ningesema maneno machache: mama Lucia, nina njaa, rudi nyumbani. Kuhusu sufuria ningesema tutaangalia.

Aliyepokea ni baba yake, Mzee Gidamis. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema wamesikia kwamba siku hizi nakula majani, na ng'ombe wake nao hawajambo. Halafu akampa simu Fransiska.

Sauti yake ilikuwa ya polepole. Aliniuliza ninaendeleaje. Maneno yalikuwa mdomoni, yamefika kwenye meno. Na hapo nikamwona Modest, amesimama kwenye uzio, anajifanya anafunga kamba ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe hayupo.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba sijawahi kuwa mzima kama sasa. Mwili mwepesi. Moyo umetulia. Sina shida na kitu chochote.

Fransiska akasema basi ni vizuri. Tekla naye alimwambia hivyohivyo kwa simu, kwamba nimestawi, lakini yeye alitaka kusikia mwenyewe. Alikuwa amefikiria kurudi Jumatatu. Kama hahitajiki, atabaki mpaka wamalize kupura maharage, na baada ya maharage kuna kazi nyingine. Akaniaga kwa upole. Upole ule ndio ulioniumiza, afadhali angefoka.

Niliingia jikoni nikafunga mlango. Nikaketi mbele ya mafiga yaliyopoa, nikasema nina njaa, rudi nyumbani. Nilisema vizuri kabisa. Hapakuwa na mtu.

Jumatatu, 15 Julai

Jana kutwa nililala. Leo nimekusudia kujipikia ugali. Watu wasiosoma wanapika ugali, mimi nitashindwaje?

Nilifunga mlango na dirisha ili moshi usionekane. Kuni zilikuwa na umande. Moshi ulijaa jikoni mpaka sikuona mikono yangu, halafu ukapanda ukatoka kwenye kila tundu la bati. Asubuhi haikuwa na upepo hata kidogo. Nilitoka nje nikikohoa nikauona: umesimama wima juu ya paa, mrefu, mweupe, na hakuna moshi mwingine upande wetu wote.

Tekla alikuwa ameshafika uani. Akapiga kigelegele. Akasema Mama Lucia amerudi! Nyuma ya uzio watu wakaanza kusogea. Modest naye.

Ningesema nini? Nikasema ndiyo, amerudi. Yuko wapi tumsalimie? Amelala, nikasema, amechoka na safari. Tekla akauliza sasa nani anapika? Nikasema alipika, ndipo akalala. Nikarudi ndani haraka.

Ugali ulikuwa umeungua chini na juu ni unga. Nilikula hivyohivyo.

Mchana Tekla alimpigia Fransiska simu ili kumkaribisha. Najua kwa sababu nilimsikia kupitia uzio akisema, uko wapi? Bado Balangdalalu? Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha: basi shoga yangu, jikoni kwako kuna mwanamke.

Jumanne, 16 Julai

Mwili hauna nguvu. Nilijaribu ugali tena saa tisa alasiri, maana moshi ulishaharibu kila kitu na njaa haijaondoka.

Nilikuwa nimepiga magoti napuliza moto, macho yanatoka machozi, mlango ukapigwa teke. Fransiska. Vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Mkono mmoja ndoo, mkono mwingine sufuria mpya, kubwa, kaishika kwa mshikio mmoja kama mtu anayekuja kupiga. Nje, Tekla na nusu ya jumuiya.

Hakunisalimia. Aliingia chumbani, nikasikia anainua godoro. Akafungua kabati. Akatazama nyuma ya magunia ya kitunguu saumu. Akarudi jikoni, akaniuliza yuko wapi. Nikasema nani? Akasema huyo anayekupikia.

Nikamwonyesha sufuria ndogo. Akachungulia. Akachukua mwiko, akachota, akaonja, akatema kwenye majivu. Akanitazama muda mrefu, nywele zangu zikiwa na majivu, suruali imelegea kiunoni. Akasema hakuna mwanamke duniani anayeweza kupika hivi.

Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida, umekula nini siku zote hizi?

Modest alikuwa mlangoni. Wote walikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo niseme mwili mwepesi. Sikuwa na nguvu ya kusema uongo. Nikasema, Fransiska, nina njaa. Nina njaa tangu Alhamisi ile. Usiondoke tena.

Nyuma, Modest akasema kwa uchungu mkubwa kwamba hata yeye ana njaa. Tekla akamvuta shati, wakaenda. Nusu saa baadaye jiko lao lilitoa moshi.

Fransiska alisema hiyo si kuomba msamaha, lakini kwa leo inatosha. Sufuria ni ya mama yake. Aliagizwa kwamba akikuta mwanamke ndani amfukuze nayo, asipomkuta apikie. Ndoo ni asali na masega yake, zawadi ya Mzee Gidamis kwa mkwe anayekula vibichi. Akawasha moto kwa njiti moja tu. Akasonga. Akagonga mwiko kwenye ukingo. Nikaenda kunawa, na sikutaka aone uso wangu.

Aliniapisha kwamba sitaigusa sufuria hii. Niliapa. Niliapa kwa moyo wote.

Jumapili, 21 Julai

Nimepata nguvu. Uso umerudi. Baada ya misa Nikolausi aliniuliza kwa kejeli kuhusu faida za detoksi, nikamjibu kwamba mke wangu yuko nyumbani, hiyo si faida? Akaenda kuwasalimia wengine. Kwa kweli nikitazama nyuma, mpango mzima ulikwenda kama nilivyoupanga.

Asali tumeikamua yote. Yamebaki masega, karibu ndoo nzima, na Fransiska anataka kuyatupa. Kutupa nta! Nimeangalia kwenye simu. Mishumaa. Kanisa linanunua mishumaa mwaka mzima, na inatoka mbali, wakati nta iko hapa kwangu. Modest atapasuka.

Kinachohitajika ni utambi, moto mdogo, na chombo kipana.

Fransiska ameniaga sasa hivi. Anakwenda na Tekla kumwona mgonjwa, atarudi jioni. Nta haina magadi, haitoboi chuma wala bati. Na kuigusa sufuria si lazima, nitaishika kwa kitambaa.