Kizunguzungu cha Mstari wa Mbele

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Jumamosi mwalimu wa kikundi chetu cha mazoezi ya wazee anachagua mzee mmoja wa kusimama mstari wa mbele, wengine wote wamfuate. Huyo mzee ni mimi. Nani mwingine? Nimezaa saba, nimezika mume, nimebeba wajukuu hadi mgongo ukalia. Kunyoosha mikono juu ndiko kutanishinda?

Mpinzani ni mmoja tu: jirani yangu, fundi cherehani, tunamwita Chuma. Magoti ya msichana, mdomo wa kasuku. Leo kaniuliza mbele za watu kama nahema au napuliza jiko. Nikacheka na wenzangu. Moyoni nikaweka akiba.

Mpango: naamka kabla ya jogoo, nafanya mazoezi yote peke yangu chumbani, nikifika uwanjani viungo vimeshalainika. Na sili kitu. Gari tupu hupanda mlima upesi!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Chumbani nilikuwa simba. Niliruka hadi kitanda kikasogea. Binti yangu akagonga ukuta, akauliza kama nahamisha kabati. Nikamwambia alale, mama yake ana kazi.

Uwanjani, nyuma ya zahanati, mambo yakageuka. Mwalimu akasema tuiname tuguse vidole vya miguu. Nikavigusa! Kuinuka sasa. Uwanja ukazunguka, masikio yakalia kama birika, jasho la baridi likanimwagika. Nikajikuta chini. Nikasema nafunga kamba za viatu. Chuma akachungulia, akatangaza kwamba hizo ni ndala.

Muuguzi akaniita kando. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Lini, sikusema. Akanitazama kama mama mkwe. Ati tumbo tupu na kurukaruka haviendani na umri wangu. Nile kidogo, nitulie, nianze polepole, na nikisikia kizunguzungu niseme palepale. Nikianguka tena, jina linafutwa kikundini, nibaki nyumbani.

Nyumbani! Nyumbani kuna kiti na redio. Binti akienda kazini hakuna hata wa kugombana naye. Uwanjani naitwa, nataniwa, natukanwa, narudi nimeshiba watu. Sifutwi mimi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetii. Si alisema nile kidogo? Lakini yule muuguzi mwembamba kama ufagio, kidogo chake ni cha ndege. Nikala kidogo changu: kiporo cha maharage, mayai, ndizi, na chai ya maziwa hadi sufuria ikaona haya.

Kuruka kwa kwanza, maharage yakaamka. Kwa pili, yakauliza njia. Kwa tatu, yakaipata. Juu ya viatu vyeupe vya Chuma, vipya!

Chuma akanishika paji la uso kwa mkono mmoja, taratibu kama ananiogesha. Mdomo ukawa unanichamba wakati huohuo. Ati nimekula harusi nzima, hata bwana harusi hakubaki. Mwalimu nikamwambia ni joto. Kulikuwa na manyunyu.

Viatu nilimvua kwa nguvu, nikaenda kuvifua mwenyewe kwa brashi. Vinang'aa kuliko vilivyotoka dukani. Anasema vimembana. Mwongo mkubwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo nilikula nusu ndizi. Sawasawa kabisa! Ila mazoezi ya chumbani sijayaacha, na leo niliyafanya mara mbili, maana kesho ndiyo kesho.

Tulipoanza kukimbia polepole, kizunguzungu hicho. Nikafikiri haraka. Nikashika ncha ya mtandio wa Chuma kwa nyuma, nikafumba macho, nikakimbia. Hakuna aliyejua. Isipokuwa Chuma. Akageuka akaniambia, "Dada, mbona unanivuta kama trela?" Nikamwambia anyamaze. Akanitazama usoni. Kisha akapaza sauti kumwita mwalimu, ati asimamishe watu, huyu bibi anaenda kuanguka.

Msaliti! Niliapa kutomwamkia hadi kaburini.

Akanirudisha nyumbani kwa kunikokota. Akaingia jikoni kwangu bila kubisha, akakoroga uji, akasimama juu yangu na mwiko mpaka nikamaliza. Nikamuuliza kwa nini kaniharibia. Akasema mashoga zake wote ameshawazika, amebakiwa na mimi, na hakusudii kunizika kwa sababu ya kurukaruka. Akajifuta macho, akasema ni moshi. Jiko langu ni la gesi.

Nikamwamkia. Lakini kwa shingo upande.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mbele! Nimewekwa MBELE!

Nilikwenda nikijua jina limefutwa. Mwalimu na muuguzi walikuwa wananong'ona na Chuma. Kisha mwalimu akaniita kwa heshima zote. Akawaambia wote kwamba kuanzia leo mwendo wa uwanja ni mwendo wa bibi huyu; asimpite mtu. Ati kwa mwendo wake hakuna atakayezimia. Chuma alipiga makofi kuliko wote, anacheka hadi machozi. Maskini, wivu unauma.

Nimetembea mbele asubuhi nzima kama bibi harusi, wote nyuma yangu, taratibu, taratibu. Kizunguzungu hata chembe. Nilijua tu! Ugonjwa wangu ulikuwa kuwekwa nyuma.

Ila mwendo wenyewe unachosha kwa upole. Watu wamenipa uongozi, lazima waone kazi. Jumatatu naanza na mbio, tena kali. Mwalimu kasema asinipite mtu. Watanipitia wapi?