Bingwa wa Barafu wa Taifa, Mshiriki Mmoja

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Sanyuanli, China.
Joyness kapiga simu kutoka Njombe. Yuko darasa la sita sasa. Mwalimu kawataka waeleze baba zao ni nani. Yeye kasema baba yake ni bingwa, yuko China. Bingwa wa nini? Kajibu ataniuliza. Nimemwambia asubiri wiki mbili.
Miaka sita sijamwona. Kago mbili zilipotea. Ya tatu ilifika, viatu vyote vya mguu wa kushoto. Bingwa wa nini, kweli.

Jumanne, 4 Novemba.
Nimepata! Pale kwenye jumba la maduka kuna uwanja wa barafu. Nimekaa nje saa mbili, nasoma kwenye simu historia ya mashindano ya taifa ya kuteleza. Nchi za baridi zina mabingwa tangu enzi za mababu. Ila zipo nchi zilizoanza na mshiriki mmoja. Akazunguka, akapewa dhahabu, akaenda nyumbani.
Bingwa wa Tanzania nimemtafuta, sijamwona. Nimenunua daftari. Juu nimeandika: Historia ya Mashindano, Mwaka wa Kwanza. Mshiriki: Salvatory. Kanuni: mtu asianguke. Jaji: dada Kissa wa Tukuyu, hapendi ugomvi.

Alhamisi, 6 Novemba. Soko la Shahe.
Bingwa lazima avae. Nimeona shati la bluu linalometameta. Nikamwambia laoban, mwenye duka, nataka moja. Meiyou, hakuna. Wanauza kwa dazeni. Nikamweleza ni mashindano ya taifa. Akaanza kufunga dazeni.
Nimerudi na mashati kumi na mawili, saizi zote.

Jumapili, 9 Novemba.
Baada ya ibada nimeuza kumi na moja. La kwanza kachukua Rodrick, mwenyekiti wetu wa kila kitu: misiba, harusi, kwaya. Kauliza shati ni la nini. Mfanyabiashara lazima aeleze bidhaa. Nimeeleza vizuri mno, hilo ndilo tatizo langu. Hata Kissa kanunua.

Jumamosi, 15 Novemba.
Walikuja wote. Washiriki kumi na wawili, sare moja, kama kwaya. Rodrick kaja na filimbi. Kissa kasema hawezi kuwa jaji na mshiriki. Ikabidi tumpe ujaji Floribert wa Bukavu, maana Mkongo hana upande. Kahukumu kwa Kifaransa.
Rodrick kaanguka kwenye kona. Nikafurahi mapema. Mimi nilipiga hatua nne, ya tano nikaipiga kwa makalio. Mlinzi kanivuta kwa mkono wa shati hadi pembeni, chembe zinazometameta zikabaki kwenye barafu.
Kissa kashika pengwini wa plastiki, wale wanaosukumwa na watoto wanaojifunza. Kazunguka mara tatu huku anaimba tenzi. Dhahabu. Nikapinga pengwini. Floribert kauliza kanuni inasemaje. Nikamsomea. Nimekuwa wa kumi na mbili.

Jumapili, 16 Novemba.
Nimeandika jina la Kissa kwenye daftari langu, kwa kalamu yangu.
Joyness kapiga. Nimemwambia ukweli. Kasema, baba, si lazima uwe bingwa. Shule inafungwa tarehe tano Desemba, wazazi wanakaribishwa, nije tu. Nimemwambia nitaangalia. Simu ilipokatika nimelia.
Nauli ninayo. Nimeiweka tangu Agosti.

Jumatatu, 17 Novemba. Soko la Zhanxi.
Nimefikiri sana. Mtoto anasema vile kwa huruma. Siwezi kusimama mbele ya mwalimu wake mikono mitupu.
Kuna mchezo mwingine: unasukuma jiwe kwenye barafu, watu wanafagia mbele yake. Bingwa wetu nimemtafuta, sijamwona. Mshiriki: Salvatory. Unataka glavu tu.
Jozi moja hawauzi. Dazeni mbili. Nauli ya nyumbani imetosha kuzilipia, imebaki ya metro. Zile jozi ishirini na tatu nitauza Jumapili kanisani. Safari hii wakiuliza ni za nini, nitaeleza kwa kifupi.