Nyongeza ya Testa

Jumatatu, 4 Agosti

…ndiyo maana nikamwambia Austin kwamba testa zake hazina ubaya wowote, ila mteja anaondoka Makina mikono mitupu. Akasema haondoki mikono mitupu, anaondoka na testa. Mume wangu. Hata akibishana, sauti yake inabembeleza.

Jana niliishia katikati kwa sababu alirudi na samaki, na samaki wa Austin hawasubiri. Kwa hiyo nianze upya. Tangu tufunge ndoa mwezi wa sita, Austin ana kibanda chake Makina, kule Kibera. Anauza vifaa vya mafundi wa stima: testa, zile bisibisi zenye kitaa kinachowaka zikigusa waya wenye moto, mita za kupimia, nyaya, soketi. Tunaishi huku Kabiro, chumba kimoja, pazia la waridi. Sijawahi kuishi mahali pazuri hivi.

Lakini kaka yake, Shivachi, amepiga simu kutoka Kitale. Ana kandarasi ya kuweka stima kwenye shule za huko na anamtaka Austin. Watalala saiti, huko huko kwenye kazi, miezi na miezi. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Austin anasema biashara ikikaa hivi ataenda, mimi nibaki na nyumba.

Nibaki na nyumba. Nyumba itanikumbatia?

Adui ni Githinji wa ng'ambo ya njia. Anauza vitu vile vile, ila ukinunua mita kwake unapewa kofia. Kofia yenyewe ina rangi ya ndizi iliyooza, na bado nusu ya mafundi wa Kibera wameivaa. Nimeamua. Na sisi tutatoa zawadi, tena zawadi yenye moyo.

Jumatano, 6 Agosti

Vikombe vya harusi! Vilibaki katoni nzima chini ya kitanda. Mimi na Austin, shavu kwa shavu, na maandishi ya dhahabu: Kavindu na Austin, Milele. Anayenunua mita anapewa kimoja. Nani hapendi kuamka na kuona mapenzi?

Mke wa fundi Jeremy hapendi. Alikuja leo na kikombe kimefungwa kwenye gazeti kama kitu cha kupeleka polisi. Akauliza mbele ya watu ni nani huyu mwanamke ambaye mumewe anamtazama kila asubuhi akinywa chai. Nikasema ni mimi. Nikaongeza haraka kwamba hata mume wangu yupo hapo pembeni. Akasema amemwona, na huyo pia hamtaki mezani kwake. Githinji alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tukirudi nyumbani Austin aliniambia polepole kwamba fundi hununua mita ili imsaidie kazi, na kikombe kile kinatusaidia sisi wawili tu. Labda ni kweli. Labda zawadi ambayo mtu hakuiomba humwonyesha kama umemwona au umejiona mwenyewe. Niliwaza hivyo nikimenya viazi. Halafu Austin akanishika kiuno na wazo likapotea.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata jibu kwa Mama Kasiva, anayeuza mboga mlangoni pa ploti yetu. Nilimuuliza kwa nini watu wanampita yule jirani yake mwenye meza kubwa. Akasema ni nyongeza. Akishakukatia sukuma wiki anachomoa majani mengine mawili na kuyasukumia mfukoni bila kukutazama. Nikamuuliza mbona asitoe peremende. Alinishangaa. Akasema aliyekuja kutafuta jani unamwongezea jani, kwani peremende atapikia ugali?

Jani kwa jani. Nilisimama pale na sukuma yangu mkononi nikahisi nimesoma chuo kikuu. Kofia si nyongeza. Kikombe si nyongeza. Aliyenunua testa anataka nini zaidi? Testa nyingine!

Na zipo. Chini ya kaunta kuna boksi lenye testa na mita kuukuu ambazo Austin hajauza hata siku moja. Sijui kwa nini anazificha. Pengine ni mnyenyekevu. Nitazing'arisha mwenyewe kwa ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, halafu nimfanyie mshangao.

Jumanne, 12 Agosti

Ninaandika nikitabasamu. Austin ana kazi ya kuunganisha nyaya kwenye nyumba moja karibu na msikiti, kwa hiyo kibanda ni changu. Kila anayenunua testa namwongezea moja bila kumtazama usoni, kama Mama Kasiva. Habari zimeenea hadi mtaa wa Olympic. Fundi Timothy, yule kijana wa Machakos anayependa utani, alinunua moja akapewa ya pili, akaniambia, "Shem, leo umeamka vizuri. Huyo Austin anakupea nini?" Nikamjibu kwa Kikamba ashughulike na mambo yake. Akaenda akicheka, testa zote mbili masikioni kama kalamu za seremala.

Githinji alisimama mlangoni pake mikono kiunoni. Leo hajatoa kofia hata moja.

Jioni Austin aliuliza siri ya mauzo. Nikamwambia ni mapenzi. Akanibusu kwenye paji la uso. Alisema tukiendelea hivi Shivachi atafute mtu mwingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo sijui nianzie wapi.

Timothy aliletwa kibandani akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili. Alikuwa kazini, juu ya stuli, akibadilisha swichi. Aligusa waya kwa testa, haikuwaka. Akadhani stima imepotea, maana huku inapotea kila mara. Akaushika waya. Ukamtupa chini. Mkono wa kulia umekufa ganzi.

Aliweka testa juu ya kaunta. Ilikuwa inang'aa vizuri sana.

Austin aliigeuza, akainama, akavuta lile boksi lake. Lilikuwa tupu. Akaniuliza vilivyokuwa ndani viko wapi. Nikasema nimevitoa nyongeza. Jani kwa jani. Kumbe zote zilikuwa mbovu, zilizorudishwa, anazivunja kutafuta vipuri.

Hakunifokea. Heri angefoka. Alimwita mwenye pikipiki ampeleke Timothy zahanati, akafunga kibanda, akasema twende. Tulizunguka Makina, tukashuka hadi Laini Saba, kila penye fundi tukamuuliza alichopewa. Wengine walirudisha wakatucheka. Wengine walisema testa zote zinafanana sasa, hawajui ipi walinunua na ipi waliongezewa. Nilizisafisha sana.

Austin alikula vijiko viwili vya githeri akasukuma sahani. Akasema mtu akikosa kofia hafi, ila testa ikimdanganya anakufa. Kisha akasema pengine ni heri aende Kitale, jina likishaharibika Makina halisafishwi. Nililia nikilitazama pazia. Yeye ndiye aliyenifuta machozi. Nimeolewa na mtu wa namna gani?

Jumamosi, 16 Agosti

Austin alifikiria hivi: ikiwa haijulikani testa ipi ni mbovu, basi zote zije. Ametundika soketi moja nje ya mlango, akaiunganisha na betri kubwa na inveta yake, ile ya kuwashia taa. Stima ya mtaa ipotee isipotee, soketi ile ina moto. Akatuma neno: mwenye testa au mita yoyote, awe ameinunua kwake, kwa Githinji au kwa shetani, apite aijaribu hapo bure. Ikikataa aiache, apewe nzima iwapo ilitoka kwetu.

Walikuja. Mwanzoni kwa kejeli. Mmoja aliuliza kama leo nyongeza ni jeneza. Nilistahili. Lakini walijaribu moja moja, na zile mbovu zikabaki kwenye ndoo. Hata moja iliyonunuliwa kwa Githinji ilikataa kuwaka, na fundi aliyeileta akaitazama mikono yake, kwa sababu alikuwa ameitumia tangu Pasaka.

Mimi nilihurumia ile soketi. Ilikuwa peke yake ukutani, kijivu. Nikaizungushia maua ya plastiki ya meza ya harusi. Austin akaniomba niyasogeze yasiguse. Nikayasogeza.

Jumatano, 20 Agosti

Wanakuja kila asubuhi! Kabla hawajaenda kazini wanapitia kwetu, wanachomeka testa, inawaka, wanaenda. Fundi mmoja alieleza kwamba ukishaiona ikiwaka asubuhi, mchana ikikataa unajua ni waya uliokufa, si testa. Na wakishasimama pale wanakumbuka wanahitaji tepu, au balbu, au fyuzi. Timothy naye alikuja, mkono umeanza kurudi. Aliniambia, "Shem, hii ndiyo nyongeza. Ile ingine ilikuwa talaka." Nilicheka nikashindwa kumtazama.

Githinji alivuka njia akiwa na mita mfukoni. Alidai anatafuta chenji. Austin akamwonyesha soketi.

Jioni Austin aliniambia amelielewa jambo hili. Zawadi nzuri kwa fundi ni ile inayomrudisha nyumbani mzima, hata kama hawezi kuibeba. Nilimtazama akisema hayo, mwanga wa jiko usoni pake, nikasahau kuepua uji.

Ila simwambii ukweli, asivunjike moyo. Hajui kwamba kinachowaleta ni maua. Kabla ya maua walikuja kwa kejeli. Baada ya maua wanakuja kila siku. Hesabu ni rahisi. Wanaume hawaoni vitu hivi.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya kanisa Austin alimpigia Shivachi akasema haji, Makina imemshika. Nilikuwa nimeshika mkono wake wakati wote, jasho letu likawa moja. Haendi. Haendi popote.

Halafu simu ikachukuliwa na Mourine, mke wa Shivachi. Anaangua vifaranga na kuuza, lakini analalamika wateja wamepungua, kuna jirani amefungua biashara ile ile. Nilimweleza yote kuhusu nyongeza, jani kwa jani. Akauliza si ndivyo yule kijana alivyopigwa na stima. Nikamwambia kilichokosekana siku ile ni maua. Kisha nikamuuliza kama ana kitu chochote kimekaa tu. Akasema hana, labda kreti za mayai yaliyokataa kuanguliwa, yuko karibu kuyatupa.

Nimemkataza asitupe hata moja. Yai kwa kifaranga! Nitayapaka rangi mwenyewe. Mourine alisema mara tatu kwamba tusisumbuke, tuje mikono mitupu, au tusije kabisa mpaka Krismasi. Ana aibu ya kupokea, mwenzangu. Nimemhakikishia ayaweke mahali penye joto, na kwamba kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwake.