Mimea Isiyo na Madhara

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema! Mzee, mhariri wetu mkuu, anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kitabaki wazi, na tunaokitolea macho ni wawili tu: mimi na Bi. Nukta, tuliyempachika jina hilo kwa sababu hajasahau nukta hata moja tangu aajiriwe. Mzee ndiye atakayependekeza jina. Kamusi yetu ya shule imefika herufi M. Leo amenipa neno mitishamba, akasema analipenda sana. Bi. Nukta amepewa msumari. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumanne, 5 Machi

Neno gumu. Linasema miti, kumbe mingi ni majani laini yasiyo na shina la kumbeba hata nzige. Linasema shamba, na nusu yake huota nyuma ya jiko. Nimekwenda sokoni kwa muuza mboga. Nikamwonyesha fungu la mnanaa, nikamuuliza: hiki ni kiungo au dawa? Akasema kwenye chai ni kiungo, tumbo likisokota ni dawa. Nikamwambia kamusi inataka jibu moja. Akanitazama kwa huruma. “Inategemea nani anaumwa, kaka.”

Sikuliandika. Halina sura ya kitaalamu.

Jumatano, 6 Machi

Mzee ana chupa ya chai mezani ambayo haina chai. Ni maji ya mizizi, machungu, hunusika hadi ngazini. Daktari amemwambia figo zake zimechoka, aache. Mama, mkewe, ameimwaga mara mbili. Mzee huijaza upya hapa ofisini na kudai nguvu zinamrudia. Uso umemvimba kidogo. Nikasema amenawiri. Akacheka sana! Hapo ndipo nilipoona njia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeandika: mitishamba nm mimea isiyo na madhara ambayo majani, mizizi au magome yake hutumika kuwa dawa.

Bi. Nukta kaisoma begani kwangu. Akasema hayo maneno matatu, isiyo na madhara, niyafute. Kuna mimea inayoponya na kuna inayoua, na mingine hufanya yote mawili. Kisha akajaza kadi ya marekebisho, kwa mwandiko wake ule ulionyooka kama uzi: baadhi huwa na sumu. Akaiweka juu ya faili la Mzee. Wivu mtupu. Alipokwenda kunawa mikono, niliihamishia kwenye sanduku la herufi Z, ambako hatufiki kabla ya mwaka ujao.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Mzee kasoma kazi yangu mara nne. Akavua miwani, akaniambia, “Mwanangu, wewe unaelewa.” Akaomba nakala ya kupeleka nyumbani. Nilimpigia chapa mwenyewe, kwa herufi kubwa. Nikapita mbele ya kiti chake, nikakishika mgongo. Ngozi halisi.

Jumatatu, 11 Machi

Mzee hakuja. Saa nne Mama alipiga simu, nikapokea mimi. Jumamosi Mzee alimsomea karatasi kutoka ofisini. Akamwambia hata kamusi imesema. Akaweka vidonge vya hospitali kabatini, akanywa chupa mbili kwa siku. Jana asubuhi alianguka bafuni. Amelazwa.

Mama akauliza nani aliyeandika karatasi ile.

Nikasema ofisi.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Mirija miwili inaingia, mmoja unatoka. Mtu aliyekuwa akinirekebishia herufi kwa kalamu nyekundu, leo mkono wake hauwezi kushika kikombe. Mama alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Hakuniangalia.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole, mazuri. Mzee ndiye aliyesema, polepole. Alijua kwamba nimeandika ili kumfurahisha. “Nami nilitaka kufurahishwa,” akasema. “Miaka thelathini nawafundisha watu maana ya maneno. Nikatafuta la kunidanganya.” Kisha akauliza kama Bi. Nukta hakuwa na pingamizi lolote. Si kawaida yake kunyamaza.

Nikasema sikumbuki.

Nimelia ngazini. Kweli nimelia, si mbele ya mtu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeitoa kadi kwenye Z. Nimeiweka mezani kwa Bi. Nukta. Akautambua mwandiko wake. Akasema anaomba tu isirudiwe, kwa kuwa wanaosoma kamusi hii ni watoto, na mtoto huamini kilichochapwa. Kisha akaketi akaandika upya. Mimea ambayo sehemu zake hutumika kuwa dawa. Baadhi huwa na sumu. Akaongeza: kwa mimea ya kutia ladha, tazama kiungo. Mistari miwili tu. Hakuna cha kuongeza wala kupunguza.

Nimeapa. Kuanzia leo naandika ukweli, hata kama unachoma.

Jumanne, 2 Aprili

Mzee amerudi nyumbani. Atakuwa akipelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, maisha yake yote. Wanasema mitishamba kwake sasa ni marufuku, hata mnanaa lazima aulizie kwanza. Barua yake ya mapendekezo ilisomwa jana. Bi. Nukta ndiye mhariri mkuu.

Nimepokea kwa moyo mkunjufu. Mtu hujifunza.

Tumeingia herufi N, naye amenipa neno nidhamu. Nimefika mapema, kabla yake, nimemaliza: nidhamu nm tabia ya kufuata utaratibu, aghalabu huonekana kwa wanawake wanaoongoza ofisi. Nimeipiga chapa kwa herufi kubwa na kumwekea mezani.

Nafasi ya naibu bado iko wazi.