Isolda wa Notha

Jumatatu, 2 Machi 1987

Barua ya kasisi imefika. Kaburi la Baroni Fulk de Arlesby, lililomo kanisani kwetu tangu mwaka 1352, limekwisha kusafishwa. Askofu anakuja tarehe 15. Kasisi anauliza kama kijijini kuna mtu mwenye damu ya Baroni, aje aweke shada la maua. Kama kuna mtu! Miaka kumi na moja nawatangazia watu wa Stoke Arlesby, baa nzima, hata daktari wa meno nikiwa nimeachama, kwamba mimi Clement Tuffley, mpima ardhi mstaafu, ni wa ukoo huo.

Maureen, mke wangu, kaniuliza huku anamenya viazi kama ni kweli. Nikamwambia hilo nalo swali?

Ukweli nauandika hapa tu. Kuna pengo moja. Babu yangu wa enzi hizo, Roger Tuffley, alioa mwanamke aliyeitwa Isolda. Isolda binti nani? Hakuna ajuaye. Pengo hilo nimekuwa nikiliziba kwa kupaza sauti.

Jumatano, 4 Machi

Nimekwenda Shrewsbury kwenye hifadhi ya nyaraka. Wakaniletea hati ya ngozi ya kondoo, imekunjamana kama shingo yangu. Kilatini changu ni cha miezi mitatu, kwa njia ya posta. Saa nne nzima nimeinama. Machozi yananitoka. Kisha nikaona: Isolda filia Fulconis. Isolda binti Fulk! Nikapiga ukelele. Mhudumu akaniambia nishushe sauti ama nishuke ngazi.

Baada ya jina la Fulk kuna kijineno, notha. Bila shaka kijiji alikozaliwa. Bibi Isolda wa Notha! Hata kutamka tu unajisikia umevaa joho.

Ijumaa, 6 Machi

Mkutano wa chama chetu cha historia. Watu kumi na wanne, biskuti tele. Nikasimama, nikamtangaza Bibi Isolda wa Notha. Makofi.

Halafu akanyoosha mkono Bi. Enid Garbutt, katibu wetu, mwalimu wa Kilatini mstaafu. Ana tabia mbaya ya kujua mambo. Akauliza kwa upole Notha iko wapi. Nikasema kaskazini. Kaskazini mwa wapi? Mwa hapa. Akaomba aone nakala yangu. Akaisoma, akakohoa, akairudisha.

Tulipokuwa tunaosha vikombe akafungulia bomba maji yamwagike kwa kishindo, watu wasisikie. “Bwana Tuffley, usinielewe vibaya. Notha si kijiji. Maana yake mtoto wa nje ya ndoa.”

Amenisitiri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angesema mbele ya watu ningeweza kubisha.

Jumapili, 8 Machi

Kasisi amenithibitishia: shada nitaweka mimi. Akasema Bi. Garbutt ameniunga mkono. Ameniunga mkono! Mwanamke huyu anapanga kitu. Atangoja hadi Askofu awe amekaa, kisha aseme mwana haramu mbele ya kanisa zima. Lazima nimuwahi.

Nimekumbuka kitu alichowahi kukisema mke wa mwuza nyama. Enid Garbutt alilelewa kituo cha mayatima kule Hereford. Cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa baba, patupu. Basi baada ya ibada nikamwendea Bi. Pugh wa posta, nikamnong'oneza kwamba Bi. Garbutt hamjui baba yake, na mtu wa namna hiyo hafai kuhukumu baba za wenzake. Kumnong'oneza Bi. Pugh ni sawa na kubandika tangazo ukutani. Nilijua. Ndiyo maana nilimchagua.

Jumanne, 10 Machi

Kijiji kizima kinajua. Bi. Garbutt aliingia dukani kwa mwuza mikate, watu wakanyamaza. Akanunua mkate wake, akasahau chenji, akatoka. Nilikuwepo, nyuma ya kabati la maandazi. Nilijifanya nasoma bei.

Nyumbani Maureen ameniwekea sahani mezani kwa kishindo.

“Ni wewe.”

Nikauliza mimi nini.

“Usinijie na huo uso wa kondoo, Clement. Mama yako alipokuwa kitandani, nani alikuja kila alasiri kumsomea gazeti? Wiki saba! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Shrewsbury unawatafuta wafu!”

Akatoka, akaniacha na viazi.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Nimebeba keki ya limau. Ameipika Maureen; nilisema nimepika mimi. Sijui kwa nini. Ilitoka yenyewe.

Bi. Garbutt akanikaribisha ndani kama mtu aliyeningoja. Mezani kuna makaratasi. Juu kabisa jina la Isolda! Nilidhani ndiyo silaha yake. Kumbe ananifanyia kazi yangu. Jana alikwenda Shrewsbury kwa basi, na goti lake lile bovu, akapata hati nyingine. Baroni alimpa Isolda shamba na kondoo kumi na wawili, na akamwita “binti yangu nimpendaye.” Mama yake ni Alice, mpika pombe wa kijiji. Katika Kilatini cha hati, Alicia Braciatrix.

“Basi damu ni ya Baroni kweli,” akaniambia. “Na alimkubali, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Si kila mtoto anayepata hilo, Bwana Tuffley. Mimi natafuta karatasi ya namna hiyo mwaka wa thelathini sasa. Nimezoea kutafuta, ndiyo maana hii haikunisumbua.”

Hapo ndipo pa kusema samahani. Mlango uko wazi kabisa. Nikafungua kinywa, nikauliza kama huyu Alice hangeweza kuwa mke wa ndoa ya siri.

Akanitazama. Nikaona joto linapanda kutoka shingoni hadi masikioni. Nikagugumia kwamba yale maneno ya mitaani, mimi, yaani, ilinitoka.

“Nilijua ni wewe,” akasema. “Bi. Pugh hutaja alikosikia. Kata keki.”

Tukala. Akaisifu. Akaniomba maelekezo ya kuipika. Nikamwambia unga kiasi.

Jumapili, 15 Machi

Niliapa kusema kweli. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo: Isolda, mtoto wa nje ya ndoa, mama yake Alice mpika pombe. Mara tisa bila kukwama.

Kanisa limejaa. Askofu amevaa dhahabu tupu. Kasisi akamwambia mimi ni wa uzao wa Isolda binti Fulk. Askofu akainama, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, huyo Isolda mama yake alikuwa nani?

Nikasema: “Bibi Alicia, wa nyumba tukufu ya Braciatrix.”

Kwa nini? Mungu wangu, kwa nini! Nilijua maana yake! Na anayeniuliza ni askofu, anakijua Kilatini kama ninavyojua njia ya baa.

“Mpika pombe?” akasema Askofu.

Kanisa likaangua kicheko. Kasisi alijifunika uso na kitabu cha nyimbo. Maureen alitazama dari. Mimi nimesimama, shada mkononi, miguu haiendi mbele wala nyuma.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Bi. Garbutt alikuwa anakuja, polepole, kwa lile goti. Akashika upande wa pili wa shada. “Ni damu ya Fulk kweli, Baba Askofu. Na ya Alice. Karatasi ninazo. Haya, Bwana Tuffley, inama.”

Tukaliweka pamoja. Nilishindwa kumtazama. Nimefika nyumbani, nimekaa bafuni na koti langu hadi chai ikapoa.

Jumanne, 17 Machi

Aibu haijapungua. Nimemwandikia Bi. Garbutt barua ya kuomba radhi, nikaichana. Nikaandika nyingine. Maureen akasema barua za nini, nenda, useme neno moja, urudi.

Neno moja halitoshi kwa wema mkubwa vile. Nimewaza asubuhi nzima na nimepata. Nitamtafutia baba yake! Kimya kimya, asijue.

Kwa kweli nimeshampata. Kuna kanali mmoja mstaafu huko Ludlow, ana miaka tisini, aliwahi kukaa Hereford miaka ile ile aliyozaliwa Bi. Garbutt, na katika picha gazetini pua ni ya Enid mtupu. Karatasi hakuna, lakini pua kama ile haihitaji karatasi. Nimemwandikia kwamba binti yake anamngoja. Nimemwalika chai Jumamosi nyumbani kwa Bi. Garbutt, saa kumi, aje na mkewe.

Barua nimeitia posta saa sita. Safari hii sina shaka hata chembe.