Nondo Wangu na Popo wa Shemeji

Jumatatu, 4 Mei
Dhuluma ya mchana kweupe. Mkurugenzi wa makumbusho ametuita mimi, mtunza wadudu, na shemeji yangu, mtunza popo. Anataka nondo wangu mkubwa na popo wake, wote waliokaushwa, wawekwe pamoja kwenye kabati la mlangoni, wageni wawalinganishe. Atakayependeza zaidi atabaki hapo mwaka mzima. Ujana wangu wote umeishia stoo ya nyuma. Safari hii sikubali.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeandika maelezo, kurasa mbili. Kwamba nondo wangu humsikia popo akija, naye hutoa milio ya kumvuruga hadi amkose hewani. Sayansi tupu! Shemeji kaandika maneno matatu: Popo hula nondo. Mkurugenzi kacheka hadi kavua miwani. Dada yangu, aliyeolewa na huyo mtu, anasema ya mumewe angalau yanaeleweka. Eti damu nzito kuliko maji. Wapi!

Ijumaa, 8 Mei
Dawa ya moto ni moto. Popo wa shemeji ni mkavu, ana manyoya tele. Na nani anapenda manyoya kuliko viwavi wa nondo wa nguo? Nimewachuma kwenye sweta kuukuu la mke wangu, nikawapandisha mgongoni mwa popo mle kabatini, wenzangu wakiwa kwenye chai. Mke kauliza sweta liko wapi. Nimemwambia mambo ya kazini hayamhusu.

Jumatatu, 25 Mei
Nimeingia kazini nikipiga mluzi. Popo mzima! Hajapungukiwa hata unyoya. Nimemuuliza shemeji, kijuujuu tu, huyu anampaka nini. Dawa ya wadudu, kasema, tena kashangaa: si wewe shemeji uliyenifundisha? Nondo wangu sikumpaka, dawa inafifisha rangi. Basi viwavi, walipoona kwa popo hapaliki, wakahamia kwa jirani. Limebaki bawa moja na pini. Nimelia chooni.

Jumanne, 26 Mei
Popo kapewa mlango. Mkurugenzi kaagiza lile bawa libaki miguuni pake, liwe ushahidi wa yale maneno matatu. Wageni wanapiga picha! Shemeji kanipa pole kwa mikono miwili. Unafiki mtupu. Ila sasa nimejua nilipokosea: kiwavi ana mdomo mdogo. Nimepata panya wawili, wana njaa kwelikweli. Kwa usalama nimewafungia stoo kwangu, pamoja na wadudu waliobaki.