Baba Ametutoka

Jumatatu, 3 Machi

Meneja katuita. Wanaojifunza Kiswahili kwa video zetu wanalalamika. Wakibonyeza neno kwenye maandishi ya chini, mashine inawapa maelezo marefu kama wosia. Anataka kila neno lielezwe kwa jinsi lilivyotumika pale pale. Atakayefanya vizuri ndiye mkuu mpya wa kitengo. Nikamtupia jicho Bi Miwani, wa meza ya dirishani. Kashafungua daftari. Huyo hata nukta haipiti bila kuhojiwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Nimeiamuru mashine itoe maana moja tu, maneno yasiyozidi matatu. Hadi jioni nimeidhinisha maneno mia nne na kumi. Bi Miwani, thelathini na nane. Akaniuliza kama nimezitazama hizo video. Nikamjibu mwenye macho haambiwi tazama. Sikutazama hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Natamani ardhi inimeze. Shemeji, mke wa kaka, hajamaliza mwaka tangu aje kutoka kwao ng'ambo. Anajifunza kwa video zetu. Mimi ndiye niliyemshauri. Leo Shangazi alipiga simu kumuulizia Baba. Baba alikuwa kwa kinyozi. Shemeji akatafuta neno la heshima, akalikumbuka moja alilolibonyeza jana kwenye tamthilia. Akasema kwa upole, "Baba ametutoka."

Shangazi akauliza lini. Sasa hivi, baada ya chai. Ghafla hivyo? Ndiyo, hata kofia hakuchukua.

Baba alirudi na kichwa kinang'aa, akakuta viti uani na dada yake kaketi sakafuni analia. Akauliza nani amefariki.

Shangazi anasema Shemeji kamtakia mzee kifo. Shemeji kajifungia jikoni. Nikafungua simu kimya kimya. "Ametutoka: ametoka nyumbani." Chini yake, jina langu. Nilirudi sebuleni nikatikisa kichwa pamoja na wanaomlaumu.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaniletea simu yake. Kaniuliza, "Shemeji, nilisoma vibaya?" Macho yamevimba. Nikamwambia Kiswahili ni kigumu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeungama mbele ya wote. Sauti ilitoka kama ya kuku mgonjwa. Baba akasema, "Mwanangu, umeniua kwa maneno mawili." Shangazi alimshika Shemeji mkono, akamwomba radhi. Mimi hakuniangalia. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimweleza Bi Miwani. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tukaitazama ile video. Watu wamezunguka jeneza. Hata mtoto angeelewa. Akanionyesha: ipe mashine sentensi nzima, iliyotangulia na inayofuata, na nani anamwambia nani. Tukajaribu. Ikatoa: "Ametutoka: amefariki. Husemwa kwa upole msibani. Kwa aliyeondoka tu nyumbani, sema: ametoka." Machozi yalinilenga.

Bi Miwani akaenda kunywa maji. Meneja akapita, akasoma, akafurahi mno. Akauliza hili wazo zuri ni la nani.

Nikasema ni langu.

Kesho nawafundisha wenzangu wote. Meneja kamwomba Bi Miwani akae mbele, aandike ninayosema.